Matope kila wikendi: Ligi ya baiskeli inayomlipa asiyekosa

Hebu piga hesabu hii nami. Msimu ni mmoja, 2023–24, na jamaa ni wawili. Wa kwanza ni Mholanzi Mathieu van der Poel. Alishiriki mbio 14 akashinda 13. Ile moja iliyomponyoka ilikuwa Benidorm, Uhispania, Januari 2024, ambako alimaliza wa tano. Februari 4 akaenda Tábor, Jamhuri ya Czech, akatwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya sita.

Wa pili ni Mbelgiji mfupi, mita 1.65 hivi, kwa jina Eli Iserbyt. Wakikutana uwanjani, mara nyingi Iserbyt alichoona cha Van der Poel ni mgongo tu.

Sasa niambie, nani alibeba mataji ya ligi tatu kubwa za msimu huo? Kama umesema Van der Poel, pole. Iserbyt alizoa zote tatu: Superprestige, X2O Trofee na Kombe la Dunia. Na hakuna aliyeibiwa. Ukielewa ni kwa nini, utaelewa pia kitu kimoja ambacho waendeshaji baiskeli wetu hapa Kenya wamekosa kwa miaka mingi. Na si talanta.

Kwanza, huu ni mchezo gani?

Unaitwa saiklokrosi. Sisi tunaweza kuuita mbio za nyika za baiskeli, maana ni ndugu wa zile mbio za nyika tunazozijua: nyasi, vilima, matope, na baridi ya kukata masikio. Tofauti ni kwamba hapa unakimbia ukiwa na baiskeli. Ndiyo, unakimbia. Kuna sehemu lazima ushuke, uitupe baiskeli begani na upande ngazi au mteremko mkali kwa miguu, halafu uirukie tena bila kusimama.

Baiskeli yenyewe inafanana na ya barabarani, ile ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Lakini tairi zina meno, na sheria ya shirikisho la dunia, UCI, hairuhusu zizidi milimita 33 kwa upana. Hiyo ni nyembamba kuliko tairi ya Black Mamba ya babu yako. Ukiwa na tairi kama hizo kwenye mchanga au tope, kila kona ni mtihani.

Njia ni mzunguko wa kilomita 2.5 hadi 3.5, umezungushiwa utepe na vyuma, na mnauzunguka tena na tena. Wanaume hukimbia kama saa moja, wanawake kama dakika 50. Katikati kuna mbao zimesimamishwa kukuzuia, kimo kisichozidi sentimita 40. Wengi hushuka na kuziruka kwa miguu. Wale wakali huziruka wakiwa juu ya baiskeli, na hapo ndipo mashabiki hupiga mayowe hadi sauti zikauke.

Halafu kuna kituo cha kubadilishia baiskeli. Mwendeshaji anaingia na baiskeli iliyobeba tope zito, anaiachia fundi wake, anachukua safi na kuondoka. Fundi anakimbia na ile chafu kwenye mashine ya maji ya presha, anaiosha, anatia mafuta mnyororo, na kabla mzunguko haujaisha inatakiwa iwe tayari tena. Kama umewahi kuona vijana wa kuosha magari mtaani wakiosha matatu tatu kwa wakati mmoja Jumamosi asubuhi, unaijua hiyo presha.

Msimu huanza Septemba au Oktoba na kuisha Februari. Makao yake makuu, kama mchezo unaweza kuwa na makao, ni Flanders, upande wa Ubelgiji unaozungumza Kiholanzi.

Ligi ni chama

Nikikueleza kwa lugha ya shirikisho utasinzia. Nitakueleza kwa lugha ya chama, kile cha akina mama cha kuchangishana kila Jumapili.

Superprestige ni chama kabisa. Ilianza msimu wa 1982–83 na siku hizi kwa kawaida huwa na duru nane. Mshindi wa duru anapata alama 15, wa pili 14, wa tatu 13, na inashuka hivyo moja moja hadi wa 15 anayepata alama moja. Angalia vizuri: mshindi na wa pili wanatofautiana kwa alama moja tu.

Sasa chukua kalamu. Nyota mmoja anakuja duru tatu tu, anazishinda zote, anaondoka na alama 45. Msee mwingine ambaye hata hashangiliwi sana anamaliza wa nne katika duru zote nane. Nne si namba ya kukuweka kwenye gazeti. Lakini wa nne anapata 12, mara nane ni 96. Amemwacha nyota mbali, zaidi ya mara mbili, na hajawahi kushinda hata siku moja.

Ndivyo chama kilivyo. Yule anayeleta elfu kumi siku moja halafu anapotea hawezi kulingana na mama mboga anayeleta mia mbili kila wiki, mvua inyeshe jua liwake. Mwisho wa mwaka daftari linasoma.

X2O Trofee yenyewe haihesabu alama, inahesabu muda. Hiyo ni kama daftari la deni pale dukani. Ukimaliza sekunde 40 nyuma ya mshindi leo, sekunde hizo zinaandikwa na zinakungoja duru ijayo. Kuna sekunde chache za bonasi za kukupunguzia mzigo, lakini ukikosa duru au ukijitoa njiani, unaandikiwa dakika tano. Dakika tano ni mlima. Kwa hivyo hata ukianguka, hata mnyororo ukikatika, unabeba baiskeli begani unakimbia mpaka kituoni, maana kila sekunde unayookoa ni deni ambalo hutalipa Februari.

Kombe la Dunia, lililoanza 1993, ndilo linalompendelea anayeshinda. Wa kwanza 40, wa pili 30, wa tatu 25. Hapo kushinda kunalipa. Lakini msimu huo wa 2023–24 lilikuwa na duru 14, kuanzia Waterloo kule Marekani mwezi Oktoba hadi mwisho wa Januari. Ukiruka nusu yake, hata ushinde vipi, wenye kufika watakupita.

Na usidhani nyota hawajui mchezo huu wa hesabu. Van der Poel huyohuyo, msimu wa 2018–19, aliamua kufuata Superprestige kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alishinda duru zote nane. Nane kwa nane. Kwa hivyo mwaka wa Iserbyt hakupungukiwa na nguvu. Aliamua tu kuja kuchelewa, Desemba, kwa sababu ana kazi nyingine kwenye mbio za barabarani majira ya joto. Hakuweka mchango, hakupata mgao.

Mzee wa chama hiki ni Sven Nys, Mbelgiji aliyetwaa Superprestige mara 13. Siku hizi kuna mbio za X2O zinazobeba jina lake kijijini kwao Baal, zinazofanyika tarehe 1 Januari. Wakati sisi tunalala kufidia usingizi wa usiku wa Mwaka Mpya, wao wamejipanga kwenye tope wakisubiri filimbi.

Unaanzia wapi kwenye foleni?

Kuna jambo moja ambalo televisheni haikwambii. Kabla ya mbio kuanza, waendeshaji huitwa mmoja mmoja kupanga safu, na wanaitwa kwa kufuata viwango vyao. Mwenye alama nyingi anasimama mbele. Asiye na alama anasimama nyuma kabisa.

Njia ni nyembamba. Mkifika kona ya kwanza, walio mbele wanapita mkenge, na walio nyuma wanasimama kama magari ya Thika Road saa kumi na moja jioni. Unaweza kuwa na miguu mizuri kuliko watu 20 walio mbele yako, lakini utaitumia yote kuwapita tu, na kufikia hapo wa kwanza keshaenda.

Ndiyo maana ile alama moja ya mtu wa 15 si ya kuchekwa. Alama moja leo inakusogeza mbele kidogo kesho. Ukiwa mbele kidogo, unapata alama tatu. Alama tatu zinakuleta safu ya pili. Alama inazaa alama. Na kinyume chake pia ni kweli: ukikaa nje miezi mitatu, hata kama una jina, unaweza kujikuta ukitazama migongo ya vijana uliowazoea kuwaacha.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipozidi nguvu za nyumbani. Tangu hapo naishi kwa kazi ndogondogo, makala hapa, picha za harusi pale. Najua kusimama safu ya mwisho kulivyo. Labda wewe pia unajua: una ujuzi, lakini tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka mitatu, na uzoefu utaupata wapi kama hakuna anayekuita? Kwa hivyo jedwali la Superprestige nikilisoma sianzii juu. Naanzia kwa wa 15, namwangalia anapanda.

Lakini kufika nako kuna nauli

Sasa usinisome vibaya. Sikuletei zile hotuba za "jitume tu utafanikiwa" unazopelekewa na watu wenye gari la baba. Kutokosa kunagharimu.

Mwendeshaji wa kiwango cha juu huja na baiskeli zaidi ya moja, seti kadhaa za magurudumu za tope, mchanga na nyasi kavu, mafundi wake, na gari la kuwabeba wote. Nyota kama Van der Poel hulipwa ada na waandaaji hata kwa kufika tu, kwa sababu watu hukata tiketi kumwona. Asiye na jina anajilipia. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya mbio hufuatana karibu kila siku, zikiwemo zile za Diegem zinazofanyika usiku chini ya taa kubwa. Mwili unachoka, mtu anapata homa, anakosa duru, anaandikiwa dakika tano.

Na wenye ligi wenyewe wanagombania mwili huohuo. Desemba 2023, rais wa UCI David Lappartient alikasirika kuona baadhi ya waendeshaji wanaruka duru za Kombe la Dunia na kuchagua mbio nyingine. Akatishia kwamba watakaofanya hivyo watafungiwa. Waendeshaji nao wakajiuliza: wikendi ni moja, sisi ni binadamu, tugawanyike mara ngapi? Kila chama kinataka mchango wake siku ileile.

Hata hivyo, mlango wa ligi hizi umewahi kumpitisha mtu ambaye hukumtarajia. Ceylin del Carmen Alvarado alizaliwa Jamhuri ya Dominika, nchi ya jua na besiboli, akahamia Uholanzi na familia yake akiwa mtoto na kukulia Rotterdam. Binti mweusi kwenye mchezo ambao ukitazama safu ya kuanzia utahesabu nyuso nyeusi kwa kidole kimoja. Mwaka 2020, mjini Dübendorf, Uswisi, akawa bingwa wa dunia. Msimu uleule wa Iserbyt, 2023–24, taji la Superprestige la wanawake likawa lake.

Alikuwa na kipaji, bila shaka. Lakini pia alikulia mahali ambapo kila wikendi ya baridi kulikuwa na mbio za kuingia. Siku za mbio watoto na vijana hushindana asubuhi, kabla ya wakubwa, kwenye tope lilelile. Msichana wa miaka 16 anaweza kuanguka Jumapili, akarudi Jumapili ijayo akajaribu kona ileile kwa njia nyingine. Ubelgiji haina hata watu milioni 12, lakini ndiyo nchi yenye mataji mengi zaidi ya dunia ya wanaume katika mchezo huu. Hawazaliwi na mapafu ya ziada. Wana kalenda.

Hili tunalijua tayari, ila kwa miguu

Na hapa ndipo inanikera kidogo, maana Kenya hatuhitaji kufundishwa somo hili na mtu wa Ubelgiji. Kwenye mbio za nyika za miguu, sisi ndio tulioliandika. Timu yetu ya wanaume ilishinda ubingwa wa dunia wa mbio za nyika miaka 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003. John Ngugi alitwaa taji la mtu binafsi mara tano. Paul Tergat akalichukua mara tano mfululizo, 1995 hadi 1999.

Watu husema ni mwinuko, ni maziwa ya mursik, ni kukimbia kwenda shule. Sawa. Lakini kulikuwa na kitu kingine: mbio zenyewe, nyingi, karibu na nyumbani. Mashindano ya shule, ya kaunti ndogo, ya majeshi, ya polisi, ya magereza. Hadi leo Athletics Kenya huandaa duru za mbio za nyika katika miji mbalimbali kabla ya mchujo wa kitaifa. Kijana asiye na jina anapanda gari hadi Machakos au Sotik, anamaliza wa 30, anarudi nyumbani anajua pengo lake ni sekunde ngapi. Mwezi ujao anarudi kulipunguza.

Sasa geuza macho kwa baiskeli. Talanta ipo, na si porojo. David Kinjah, kule Mai-a-Ihii, Kikuyu, amewalea vijana wa Safari Simbaz kwa miaka mingi. Mmoja wa waliojifunza kwake ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi 1985, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara nne. Lakini Froome alishinda akiwa chini ya bendera ya Uingereza, na baada ya kuipata Ulaya ile ratiba ya mbio za wiki baada ya wiki. Vijana aliowaacha Kikuyu walikuwa na mlima uleule, mwalimu yuleyule, ila hawakuwa na kalenda.

Ndiyo sababu Team Amani iliundwa: kuwapa waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda nafasi ya kushindana na walio bora duniani, na kuwaleta hao wa dunia huku. Mwaka 2021 wakaanzisha Migration Gravel Race kwenye barabara za vumbi za Maasai Mara. Nahodha wao, Sule Kangangi, alifariki Agosti 2022 akiwa kwenye mbio kule Vermont, Marekani. Aliyosimamia yalikuwa wazi: miguu tunayo, tuleteeni mbio. Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa barabarani ukaja Kigali, mara ya kwanza Afrika. Ilikuwa raha kuona barabara za Kigali zimejaa watu pande zote mbili. Lakini shindano la wiki moja huondoka na mahema yake. Jumapili inayofuata, kijana wa Kakamega au Nyeri mwenye baiskeli anashindana na nani?

Jumapili nane tu

Kwa hivyo hili ndilo ombi langu kwako, na halihitaji waziri wala mdhamini mwenye suti.

Tafuta uwanja wa shule ya msingi wenye kilima na kona. Zungusha kamba ya kufungia mizigo kutengeneza mzunguko. Weka mbao mbili, fupi kuliko goti. Baiskeli yoyote iruhusiwe: ya milimani ya mtumba, Black Mamba, hata ile ya kubeba maji ukiitoa karia. Kofia ngumu ni lazima, hilo usilegeze. Wakubwa dakika 30, watoto dakika 10, wasichana wawe na mbio zao na zawadi ileile. Mwite fundi wa baiskeli wa mtaa aweke pampu na viraka pembeni. Hata yeye atapata biashara.

Halafu, na hapa ndipo wengi huharibu, usifanye siku moja tu. Siku moja ni sherehe: tishati, spika, picha, kwisha. Fanya Jumapili nane. Wa kwanza 15, wa pili 14, mpaka wa 15 alama moja. Andika jedwali kwenye karatasi ya manila na ulibandike kwenye ukuta wa kibanda cha chipsi ambapo kila mtu atalipita. Mtoto aliyemaliza wa 15 aone jina lake limeandikwa, na alama moja mbele yake.

Wiki ya pili utaona kitu. Yule wa 15 atakuja mapema.